Figo, zebaki na saratani: Tutenganishe hofu na ukweli Macalder

KUNA maneno mawili ambayo yakitamkwa pamoja katika eneo la Macalder, Kaunti ya Migori, huzua mjadala usiokwisha upesi: zebaki na saratani. Mchimbaji mmoja atakuambia kwamba zebaki ameishika kwa viganja vyake miaka nenda miaka rudi, wala hajapata kuumwa hata na kichwa. Mwingine, aliyemzika nduguye baada ya kuvimba uso na miguu, atakuapia kwamba kila figo iliyoharibika katika Nyatike nzima imeliwa na saratani, na kwamba saratani hiyo imeletwa na zebaki. Wote wawili husema kwa yakini. Kwa kadiri nionavyo mimi, wote wawili wamepotoka.

Kupotoka huku si kwa maneno matupu. Anayedhani kwamba zebaki haina neno huendelea kuichoma jikoni, pale pale ambapo watoto hulala. Naye anayedhani kwamba kila ugonjwa wa figo ni saratani hukata tamaa mapema, kwa kuwa saratani katika vijiji vyetu huhesabiwa kuwa ni hukumu isiyo na rufaa; akamrudisha mgonjwa nyumbani akafie kwake, ilhali huenda maradhi yake yangetibika. Nawaandikia hasa walimu na wanafunzi kwa sababu ninyi ndio mnaosoma habari za figo katika somo la baiolojia, na habari za madini katika kemia na jiografia, kisha mkitoka nje ya lango la shule mnakutana na mambo hayo yote matatu yakiwa yamechanganyika katika beseni moja la mchimbaji.

Tuanze na figo yenyewe. Mwanadamu ana figo mbili, kila moja ikikaribia ukubwa wa ngumi, zikiwa zimejificha nyuma ya utumbo, ubavuni, chini kidogo ya mbavu za mwisho. Takriban sehemu moja kati ya tano ya damu yote isukumwayo na moyo hupitia humo kila dakika. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno, nefroni, vipatavyo milioni moja, na kila nefroni ina fundo la mishipa ya damu na mrija mwembamba uliojipindapinda. Kwa siku moja vichujio hivyo hutoa maji kiasi cha lita 180 kutoka katika damu. Lau maji hayo yote yangetoka nje, tungekauka kabla ya adhuhuri. Ni ile mirija iliyojipinda inayoyarudisha mwilini karibu yote, pamoja na sukari na chumvi zifaazo, ikabakiza lita moja na nusu hivi tuiitayo mkojo.

Naomba msomaji aukumbuke mrija huo, hasa sehemu yake ya mwanzo. Chembe hai, yaani seli, za sehemu hiyo hufanya kazi kubwa kupita kiasi, na kwa kuwa hufyonza karibu kila kitu, hufyonza na sumu pia. Ni katika seli hizo hizo ambamo saratani iliyo ya kawaida zaidi ya figo huanzia. Na ni katika seli hizo hizo ambamo zebaki hujikusanya. Mtu akiyasikia mambo hayo mawili kwa pamoja hushawishika mara moja kuhitimisha kwamba la pili ndilo lizaalo la kwanza. Subira! Nyumba moja yaweza kuibiwa na kuungua moto bila ya mwizi kuwa ndiye aliyewasha kiberiti.

Saratani, kwa jumla, ni uasi wa seli. Seli ya kawaida huzaliwa, hufanya kazi yake, hugawanyika pale inapoamrishwa, na hatimaye hufa. Seli ya saratani imeharibika katika jeni zake, basi huendelea kugawanyika bila amri na hukataa kufa. Kwa watu wazima, takriban saratani tisa kati ya kumi za figo hutokana na seli za mirija niliyoitaja. Wataalamu walihangaika sana kuzielewa. Mnamo mwaka 1883 Mjerumani Paul Grawitz, alipoona uvimbe wa figo ulivyojaa mafuta ya manjano, alidhani kwamba ni vipande vya ile tezi ikaayo juu ya figo vilivyopotea njia, na dhana hiyo ikafundishwa vyuoni kwa miongo mingi. Leo yajulikana kwamba katika aina iliyoenea zaidi kuna jeni moja, iitwayo VHL, ambayo huwa imeharibika. Kazi ya jeni hiyo ni kuituliza seli pale inapokuwa na oksijeni ya kutosha. Ikiharibika, seli hudhani daima kwamba imekosa pumzi, ikaita mishipa mipya ya damu ije kuilisha. Ndiyo maana uvimbe wa figo huwa umejaa damu. Wanasayansi watatu waliofumbua fumbo la namna seli zinavyohisi oksijeni, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Ulimwenguni kote, wagonjwa wapya zaidi ya 430,000 wa saratani ya figo walikadiriwa katika mwaka wa 2020, wanaume wakiwa takriban maradufu ya wanawake. Kwa hiyo si ugonjwa wa nadra, ijapokuwa hapa kwetu hauvumi kama saratani ya umio, ya mlango wa uzazi au ya matiti.

Ubaya wake mkubwa ni ukimya. Figo iko ndani sana, imezungukwa na mafuta, na ina nafasi ya kutosha ya uvimbe kukua bila ya kubana kitu chochote kinachouma. Vitabu vya zamani hufundisha dalili tatu: damu katika mkojo, maumivu ya ubavuni, na uvimbe unaoweza kuguswa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari huzikariri dalili hizo kama wimbo. Lakini wagonjwa wanaofika wakiwa nazo zote tatu hawafiki hata mmoja kati ya kumi, na wanaofika hivyo aghalabu wamechelewa. Katika nchi zenye mashine nyingi, sehemu kubwa ya saratani hizi hugunduliwa kwa bahati, mgonjwa alipopigwa picha ya tumbo kwa sababu nyingine kabisa. Mtu wa Karungu au Muhuru ambaye hapigwi picha ya tumbo hata mara moja katika maisha yake hana bahati ya namna hiyo.

Na hapa pana jambo ambalo sijaliona likitajwa katika mabango ya afya. Dalili ya mwanzo ambayo mgonjwa mwenyewe angeweza kuiona ni mkojo kugeuka rangi, ukawa mwekundu au wa rangi ya chai ya rangi. Sasa, ndugu msomaji, tujiulize: ni wangapi kati yetu huuona mkojo wao? Aliyebuni dalili za vitabuni alikuwa na choo cheupe cha kauri na taa juu yake. Wengi wetu hutumia choo cha shimo, gizani, au hujisitiri nyuma ya kichaka. Damu ya saratani ya figo nayo ina tabia ya kuja leo, ikatoweka wiki tatu, ikarudi, tena aghalabu bila maumivu yoyote. Mtu anaweza kukojoa damu mwaka mzima asijue. Shauri langu ni jepesi na halina gharama: mara mojamoja mtu akojoe ndani ya kikopo cheupe au chupa inayoonyesha, autazame mkojo wake kwenye mwanga wa jua. Si jambo la aibu.

Hata anayeiona damu ana kikwazo kingine, nacho ni kichocho. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mtoto akikojoa damu, wazee husema kwamba ni kichocho, na mara nyingi husema kweli, maana aina moja ya minyoo hiyo hutaga mayai yake katika kuta za kibofu. Huko kuwa kweli mara nyingi ndiko kunakoleta hatari. Kijana wa miaka kumi na miwili mwenye mkojo mwekundu yaelekea ana kichocho. Mwanamume wa miaka hamsini na mitano mwenye mkojo uo huo apaswa kuchunguzwa saratani hadi pale itakapothibitika kwamba hanayo. Tena kichocho chenyewe cha kibofu, kikiachwa miaka mingi, chaweza kuzaa saratani ya kibofu. Hivyo, kumpa mtu mzima vidonge vya kichocho na kumwambia aende nyumbani pasipo kumpima tena baada ya wiki chache ni uzembe, hata kama dawa yenyewe ni nzuri.

Zipo dalili nyingine zinazovaa sura za magonjwa mengine: homa isiyosikia dawa ya malaria, kukonda, upungufu wa damu, jasho la usiku, shinikizo la damu lililopanda ghafla. Kwa wanaume, mishipa iliyovimba katika korodani, hasa ikitokea ukubwani na isiyonywea mtu anapolala, yaweza kuwa ishara kwamba mshipa utokao kwenye figo umezibwa na uvimbe. Katika eneo ambalo malaria, kifua kikuu na virusi vya ukimwi vimezoeleka, ni nani atakayemlaumu tabibu kwa kuyafikiria hayo kwanza? Lawama huja tu iwapo dawa zimekwisha, hali haijabadilika, na bado anayarudia yale yale.

Watoto wana habari yao, nayo haifai kupitiwa juu juu. Ipo saratani ya figo ambayo huwapata wao hasa, wengi wakiwa hawajatimiza miaka mitano. Huitwa uvimbe wa Wilms, kwa jina la daktari wa upasuaji Max Wilms wa Ujerumani aliyeieleza kwa kina mwaka 1899. Hutokana na seli za figo ya kijusi ambazo zilipasa kukomaa kabla ya mtoto kuzaliwa lakini zikabaki zimelala. Mtoto huwa mchangamfu, anakula, anacheza; ila tumbo limejaa upande mmoja. Aghalabu mama ndiye huligundua anapomwogesha au anapoona nguo haifungi. Katika nchi tajiri, watoto wapatao tisa kati ya kumi hupona. Katika hospitali nyingi za Afrika kusini mwa Sahara idadi ya wanaopona iko chini zaidi. Chanzo kikubwa cha tofauti hiyo ni kuchelewa kufika na kuacha matibabu katikati kwa kukosa nauli na fedha. Dawa zilizo muhimu zaidi zimekuwako kwa zaidi ya nusu karne.

Kuna jambo la kutahadharisha hapa. Tumbo la mtoto lililovimba halipaswi kukandwa wala kubinywabinywa kila mgeni ajapo kujulia hali, kwa sababu uvimbe wa Wilms una ganda jembamba na ukipasuka ndani husambaza seli zake tumboni. Kuchanja tumbo kwa wembe hakuutoi uvimbe, huongeza majeraha tu. Walimu wa shule za chekechea, ambao huwavua watoto sweta na kuwavisha aproni kila siku, wana nafasi nzuri ya kuliona tumbo la aina hiyo kuliko hata daktari wa kaunti.

Isitoshe, sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tuna uvimbe mwingine wa watoto ambao huweza kuingia tumboni na hata katika figo. Mnamo mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya za watoto ambao ulikuja kuitwa kwa jina lake. Baadaye, mwaka 1961, alisafiri kwa gari maelfu ya maili katika Afrika Mashariki na kusini zaidi akiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama waliuona. Alichogundua ni kwamba uvimbe huo ulifuata joto na mvua, sawasawa na malaria. Mwaka 1964 kirusi kinachohusiana nao kikaonekana kwa mara ya kwanza mjini London, na hicho ndicho kirusi cha Epstein-Barr. Ugonjwa wa Burkitt hukua kwa kasi ya kutisha, pengine uvimbe ukawa maradufu kwa siku mbili au tatu, lakini nao hutibika kwa dawa, ukiwahiwa. Kwa hiyo mtoto wa Migori au Homa Bay mwenye tumbo lililojaa ghafla hana wiki mbili za kusubiri siku ya soko.

Tuje sasa kwenye chanzo, hapo palipo na ugomvi.

Kwa watu wazima, mambo yaliyothibitishwa wazi kuwa huongeza hatari ya saratani ya figo ni uvutaji wa sigara, unene wa kupindukia na shinikizo la damu la muda mrefu. Kuna pia wachache wanaorithi jeni mbovu, na wagonjwa waliosafishwa damu kwa mashine miaka mingi. Kuna kemikali ya kusafishia mafuta kwenye vyuma viwandani, iitwayo trikloroethilini, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, limeitangaza kuwa chanzo kamili cha saratani ya figo. Zebaki haimo katika orodha hiyo. Mwaka 1993 shirika hilo hilo liliiweka zebaki ya maji na chumvi zake katika kundi la vitu ambavyo ushahidi wake hautoshi kuviita visababishi vya saratani kwa binadamu.

Nadhani baadhi ya wasomaji wa Nyatike wamekunja uso. Lakini tazameni kinaya cha mambo: Migori ni miongoni mwa kaunti zinazojulikana zaidi nchini kwa kilimo cha tumbaku. Tunalima kwa mikono yetu kile ambacho ushahidi wake dhidi ya figo hauna shaka, tunakausha majani yake kwa kuni za misitu yetu, tunauza, kisha jioni tunakaa tukibishana juu ya zebaki huku tumeshika sigara. Mchimbaji anayevuta pakiti moja kwa siku yumo katika hatari ya saratani ya figo kwa sababu ya mfuko wake wa shati kabla hata hajashuka shimoni.

Je, basi zebaki haina hatia? La hasha. Ina hatia nyingine, na ya kutosha. Mchimbaji husaga mawe, huyachuja kwa maji, kisha hutia zebaki ikakamata chembe za dhahabu. Hulikamua donge hilo kwa kitambaa, halafu hulichoma motoni ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Ukivutwa puani huingia mapafuni, ukaingia katika damu, na sehemu yake kubwa huishia katika ile mirija ya figo niliyoomba ikumbukwe, ilhali nyingine huenda kwenye ubongo. Kinachofuata ni mikono kutetemeka, hasira zisizo na sababu, usahaulifu. Kwa upande wa figo, vichujio hutoboka vikaanza kuvujisha protini za damu. Mkojo huwa na povu jingi; uso huvimba asubuhi, miguu jioni.

Kenya ina ushahidi wake wenyewe juu ya jambo hili, nao haukutoka migodini. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la matibabu la Uingereza habari za wagonjwa wazima 60 waliovimba miili kwa sababu ya figo zinazovuja protini. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia mafuta ya kung'arisha ngozi, na mafuta hayo yalikuwa na zebaki. Hawakuwa na saratani. Walikuwa wametiwa sumu na kitu walichokinunua dukani kwa ajili ya urembo. Baadhi yao walipoyaacha mafuta hayo walipata nafuu. Hapo ndipo napoona umuhimu wa kutenganisha mambo: yule mchimbaji aliyevimba uso, ambaye majirani wamekwisha kumhukumu kwa neno saratani, huenda figo zake zingepumua iwapo angeondolewa kwenye moshi wa zebaki miezi kadhaa na kutibiwa.

Lakini Macalder ina mshukiwa mwingine, ambaye hatajwi sana kwa kuwa haonekani na hanunuliwi. Mgodi wa Macalder ulichimbwa shaba na dhahabu tangu enzi za ukoloni hadi ulipofungwa mwaka 1966. Kampuni iliondoka, mabaki ya mawe yaliyosagwa yakabaki. Wachimbaji wadogo wamekuwa wakiyarudia mabaki hayo hadi leo, kwa kuwa bado yana dhahabu kidogo. Katika mwamba wa ukanda huo wa Migori, dhahabu huandamana na madini ya salfa, mengine yakiwa na aseniki ndani yake. Zebaki huletwa kwa chupa kutoka mjini. Aseniki imo katika jiwe tangu jiwe lilipoumbwa. Jiwe likiwa zima, imefungika. Likisagwa na kuachwa kwenye hewa na mvua, salfa hugeuka asidi, na aseniki huanza safari ya kuelekea bondeni. Utafiti wa J. S. Ogola, Winnie Mitullah na mwenzao, uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu ukanda wa dhahabu wa Migori, ulionyesha kuwa zebaki, risasi na aseniki zilikuwapo kwa viwango vya kutia wasiwasi katika mabaki ya machimbo na kwenye matope ya vijito vya eneo hilo.

Aseniki ni sumu inayokiriwa na wote kuwa husababisha saratani: ya ngozi, ya mapafu na ya kibofu. Kuhusu figo, shirika la Lyon linasema kwamba uhusiano umeonekana, ingawa ushahidi haujafikia kilele. Uhusiano huo ulionekana wazi zaidi nchini Chile, katika mji wa Antofagasta. Mwaka 1958 mji huo uliungiwa maji ya mto kutoka milima ya Andes. Yalikuwa maji maangavu, yenye aseniki zaidi ya mara 80 ya kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukubali leo, yaani maikrogramu 10 kwa lita. Mtambo wa kuyasafisha ulianza kazi mwaka 1970. Kwa hiyo watu waliyanywa kwa miaka kama kumi na miwili tu. Vifo vya saratani ya mapafu na ya kibofu viliendelea kupanda miongo kadhaa baada ya maji kuwa salama, na vya saratani ya figo vikapanda pia, hususan miongoni mwa waliokuwa watoto wachanga au tumboni mwa mama zao katika miaka ile.

Msomaji aitafakari hesabu hiyo. Mtoto anywaye maji mabaya leo hataugua kesho wala mwaka ujao. Ataugua akiwa na miaka arobaini, pengine akiwa Mombasa au Nakuru, na hakuna daktari wa huko atakayemuuliza habari za kijito kilichopita nyuma ya shule yake ya msingi.

Kuhusu kusambaa kwake, saratani ya figo ina njia ya ajabu kidogo. Saratani nyingi hutoroka kupitia mifereji ya limfu kwanza. Hii hupenda damu. Hupenya katika mshipa wa figo, ikakua ndani yake kama mzizi ndani ya bomba, wakati mwingine ikapanda kwenye mshipa mkuu urudishao damu moyoni hata ikafika mlangoni pa moyo wenyewe. Chembe zake zikikatika huchukuliwa hadi mapafuni, ambako katika picha ya eksirei huonekana kama mipira myeupe. Huenda pia mifupani, katika ini na kwenye ubongo. Ndiyo maana mtu huweza kuvunjika paja kwa kujikwaa tu, akapelekwa kwa fundi wa mifupa, kumbe kisa kimeanzia ubavuni. Takriban robo ya wagonjwa, hata katika nchi zenye hospitali nzuri, hugunduliwa ugonjwa ukiwa umekwisha kuhama figo.

Ukiwa bado umo ndani ya figo, dawa yake ni kisu. Daktari huitoa figo nzima au sehemu yake yenye uvimbe, na binadamu huishi vizuri kwa figo moja. Ukisha kusambaa mambo huwa magumu, kwa maana saratani hii ya watu wazima haisikii sana dawa za kemikali wala tiba ya miale. Tangu mwaka 2005 zimepatikana dawa zinazoinyima mishipa ya damu, na baada yake nyingine zinazoamsha kinga ya mwili. Zimerefusha maisha ya wengi, lakini bei zake haziko katika mkoba wa mvuvi wala wa mwalimu. Upasuaji ufanyikao mapema ndio ambao hospitali kubwa za Kisumu, Eldoret na Nairobi zinaweza kumpa mtu wa kawaida.

Kwa sababu hiyo sioni haja ya kuomba kwanza mashine za mamilioni. Katika zahanati, kijiti cha kupimia mkojo hugharimu fedha kidogo sana na huonyesha damu isiyoonekana kwa macho, na protini vilevile. Yaani kijiti hicho kimoja humtambua mshukiwa wa saratani na mwathiriwa wa zebaki. Kila mchimbaji apimwe kwacho mara moja kwa mwaka. Atakayeonekana na damu mara mbili bila ya sababu nyingine apelekwe kwenye altrasaundi.

Kuhusu zebaki, Kenya ilitia sahihi Mkataba wa Minamata tarehe 10 Oktoba 2013, na mkataba wenyewe ukaanza kutumika mwezi Agosti 2017. Hautaki tu maneno mazuri. Unataka kukomeshwa kwa vitendo vinne: kutia zebaki katika mawe yote yaliyosagwa badala ya mchanga uliokwisha kuchujwa, kuchoma donge la dhahabu hadharani, kulichoma katika makazi ya watu, na kutia sianidi kwenye mabaki yenye zebaki kabla ya zebaki kuondolewa. Yeyote aliyetembea katika machimbo yetu anaweza kuvihesabu vitendo hivyo kwa vidole. Chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba la kupoza mvuke, ambacho mhunzi yeyote hodari anaweza kukichomelea, huirudisha sehemu kubwa ya zebaki ikatumika tena. Ajabu ni kwamba kinamwokolea mchimbaji fedha, na bado hakipendwi, kwa sababu anayenunua dhahabu amesimama mlangoni na hataki kungoja.

Na shule? Mwanafunzi anayekwenda machimboni wakati wa likizo ili kutafuta karo hataachishwa kwa hotuba ya asubuhi gwarideni. Lakini aweza kufundishwa kukaa upande utokako upepo, kutoichoma zebaki nyumbani, na kutorudi na nguo za machimbo katika chumba wanamolala wadogo zake. Shule zilizoko chini ya machimbo na zinazotumia kisima au kijito ziidai kaunti ipime aseniki katika maji hayo, na majibu yabandikwe ukutani ambapo wazazi watayaona. Wasikubali kuambiwa wachemshe tu. Kuchemsha huua vijidudu. Aseniki haiuawi, wala haipai na mvuke. Maji hupungua sufuriani, nayo hubaki pale pale, ikiwa kali zaidi kuliko ilivyokuwa kabla ya moto kuwashwa.